Kumi kwa Kila Sare

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu mkuu ametugawia madaftari haya tuandike "maendeleo ya somo" kila siku. Nimeandika ukurasa mmoja wa maendeleo, nikausoma, nikajionea huruma, nikauchana. Sasa daftari ni langu.

Mvua imeanza leo nikiwa ubaoni. Bati za darasa letu zikipigwa na mvua, hata mwalimu mwenye koo la chuma hasikiki. Nimewaandikia wanafunzi mazoezi, nikakaa.

Jioni Dada amekuja mbio, mtandio umelowa, penseli iko nyuma ya sikio kama seremala. Shule yetu inataka sare mia mbili. Kwa kuwa bei ya kitambaa inapanda na kushuka, mwalimu mkuu amesema kila fundi ataje kiasi anachotaka juu ya bei ya kitambaa. Fundi wa Kona, jirani yake na mshindani wake wa miaka yote, ametaja thelathini.

"Mdogo wangu, na mimi nitaje ngapi? Nikitaja kubwa nakosa kazi. Nikitaja ndogo naumia. Wewe ndiye mwenye vitabu."

Nikachukua kipande cha karatasi ya kukatia ruwaza. Nikamwambia, kitambaa cha sare moja tukiite x, kwa sababu bei yake hatuijui bado. Akacheka: "Haya, x na aingie." Muuza vitambaa anampunguzia 8 kwa kila sare, lakini ndani ya punguzo hilo anakata 5 za kubeba mzigo. Zipu, vifungo na uzi ni 10. Ujira wa Mama Vifungo, anayemmalizia sare, ni 12. Mkaa wa pasi na kodi ya chumba, 5. Nikaandika haraka, nikafungua mabano, nikakusanya vinavyofanana, nikampa jibu: gharama ya sare moja ni x + 14.

"Ukitaja ishirini," nikasema, "unambwaga Fundi wa Kona na bado unabaki na sita kwa kila sare."

Ameitazama ile karatasi kama picha ya mtoto mchanga. Dada aliacha shule ili mimi nisome, akanilipia ada kwa cherehani moja ya miguu. Leo nimejisikia namlipa. Kichwa kimenivimba mpaka sasa ninapoandika.

Alhamisi, 7 Machi

Amepata kazi! Fundi wa Kona alipopita dirishani alisema, "Kwa bei hiyo, jirani, mtashona kwa mate?" Dada akamjibu kwamba nyumba hii ina mwalimu wa hesabu. Nikajifanya sikusikia, lakini nilisikia.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Nimefua, hazijakauka.

Jumanne, 12 Machi

Majora ya kitambaa yamefika, yamejaza chumba cha Dada hadi mlangoni. Anakata yeye, anashona yeye, na Mama Vifungo anamalizia: zipu, vifungo, matundu ya vifungo, mapindo. Mama Vifungo ni mama wa makamo aliyepita makamo kidogo, mwembamba, hasemi sana, anakaa dirishani apate mwanga na sindano kadhaa zimechomekwa kifuani mwake kama nishani. Kazi ikizidi anafunga fungu la sare anakwenda kumalizia nyumbani kwake. Analea mjukuu wake peke yake.

Mjukuu huyo, msichana, yuko darasani kwangu, kidato cha pili. Wenzake wanamwita Kifutio, kwa kuwa hafurahii jibu mpaka alifute mara mbili, na karatasi zake zote zina matundu. Ni mtoto wa kuchosha. Anauliza "kwa nini" hata kwenye mambo ambayo sisi wenyewe tuliambiwa tu tukakubali.

Jumatano, 20 Machi

Dada amekabidhi sare ishirini za kwanza na kulipwa. Nilipomkuta alikuwa ameshika tama.

"Hazitoshi," akasema. "Nilitegemea nibaki na mia moja na ishirini. Badala yake nimetoa themanini mfukoni."

Nikamwambia mwanzo wa kazi una gharama zake. Maneno ya kujaza nafasi tu, sikufikiri. Nilikuwa na ripoti za walimu wa zamu za kusoma.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua imeingia kwenye ofisi ya walimu. Chaki zote zimekuwa uji.

Jumapili, 24 Machi

Dada amepiga hesabu yake mwenyewe, ya vidole. "Pungufu ni mia mbili katika sare ishirini. Kumi kwa kila sare. Sasa niambie, mwalimu, ni kitu gani katika sare kinachogharimu kumi?"

Nikasema zipu, vifungo na uzi.

"Na nani anazishika zipu na vifungo?"

Hakutaja jina. Mimi pia sikutaja. Lakini tulitazama sote dirishani, kwenye kiti kitupu, kwa sababu leo ni Jumapili na Mama Vifungo haji. Kusema kweli hesabu yake ilinishawishi. Nilifikiri: watu hawa unaowaona wapole.

Jumanne, 26 Machi

Somo la leo: kurahisisha semi zenye mabano. Wanafunzi hawapendi herufi, wanaona tunawachezea, kwa hiyo nikaona niwaletee mambo ya fedha wanayoyajua. Nimewapa swali la nyumbani nililolitoa moja kwa moja kwenye kazi ya Dada, bila kumtaja. Fundi ananunua kitambaa cha sare moja kwa x. Muuzaji anampunguzia 8, lakini anakata 5 za kubeba. Gharama nyingine ni 27. Anauza kwa x + 20. Rahisisha, kisha sema faida yake. Sikuhangaika kutafuta jibu, nilikuwa nalo.

Alhamisi, 28 Machi

Hili lazima niliandike.

Leo kipindi cha tatu nilikuwa bure, nikakaa ofisini kusahihisha madaftari ya swali lile. La kwanza juu ya rundo lilikuwa la Kifutio, lenye matundu yake. Jibu lake: gharama ni x + 24. Fundi hana faida, anapata hasara ya 4. Nikacheka peke yangu. Nikamtia mkasi mwekundu mkubwa, ile alama ya kukosa, nikaandika pembeni: "Kuwa makini na mabano!"

La pili likawa na sita, nikampa vema. La tatu, hasara ya 4. Mkasi. La nne, hasara ya 4. Mkasi. Nikaanza kuwakasirikia. Nikasema wamenakiliana, tena wamemnakili Kifutio. La tano lilikuwa la kijana anayekaa mbali na wote na asiyenakili hata tarehe ubaoni. Hasara ya 4.

Ndipo nikachukua karatasi nifanye mwenyewe, niwaonyeshe kesho. x toa, fungua mabano, 8 toa 5, funga mabano. Punguzo lenyewe ni 8 kasoro 5, yaani 3. Kitambaa kinabaki x − 3. Nikatazama hiyo tatu. Kwa Dada niliandika x − 8 − 5, nikapata x − 13. Alama ya kutoa ikisimama nje ya mabano, kila kilichomo ndani kinageuka: ile tano ya kubeba inarudi kuwa ya kujumlisha. Hilo nimelipigia kelele mwaka hadi mwaka. Nimewahi kumsimamisha mtoto mlangoni kwa kosa hilohilo. Tano nilipaswa kuiongeza, mimi nikaitoa, na tofauti yake ni kumi. Kumi kwa kila sare.

Dada anashona kwa hasara. Kila anapomaliza sare, mfuko wake unapungua nne, na ni mimi niliyemwambia ataje ishirini. Mama Vifungo hajaiba hata kifungo.

Kisha nikafanya jambo ambalo sijalielewa hata sasa. Kabla ya kuwaza kumwendea Dada, nilianza kurekebisha madaftari. Mikasi ile nyekundu niliigeuza, nikaipindisha ikawa kama vema. Zile vema za waliopata sita nikazikata. Nilitaka kwanza wanafunzi wasijue.

Niliyarudisha, na wakati wa mapumziko Kifutio alikuja na daftari lake.

"Mwalimu, hapa uliweka mkasi halafu ukaweka vema. Nimepata au nimekosa?"

"Umepata. Nilipitiwa."

"Na haya maneno, niwe makini na mabano?"

"Ni ushauri wa jumla."

Akasimama tu, kama kawaida yake. "Kwa hiyo huyu fundi anapata hasara?"

"Ndiyo."

"Na yeye mwenyewe anajua?"

Nikamwambia hilo ni swali tu la kwenye kitabu, aende darasani. Alikwenda, lakini aligeuka mara moja kunitazama. Mtoto huyu anakaa nyumba moja na sare zile. Si mjinga.

Jumamosi, 30 Machi

Nilikwenda kwa Dada nimejikaza, maneno yako mdomoni tayari. Nikamkuta amesimama mikono kiunoni, na Mama Vifungo anamwaga mkoba wake mezani. Hakuna aliyemwambia amwage. Ameanza kufanya hivyo mwenyewe kila jioni kabla ya kuondoka: kitambaa cha jasho, miwani yenye mkono uliofungwa uzi, chumvi aliyonunua njiani, sindano zake. Anavipanga, anangoja Dada atazame, anavirudisha.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwalimu." Hakuinua macho.

Alipotoka Dada akaniambia, "Anayejitakasa hivyo, ujue ana lake." Hapo ndipo ningesema. Dada mwenyewe alinipa nafasi, akaniuliza, "Mbona umenyamaza, mdogo wangu, una jambo?" Nikasema nimechoka na kusahihisha. Akanipikia chai, akanipa kile kiti kizuri, akanifunika mabega na jaketi lake kwa sababu ya baridi.

Naona aibu. Naiandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuisema.

Jumatatu, 1 Aprili

Sikusema.

Jumatano, 3 Aprili

Sikusema. Mvua kubwa, daraja la miguu limezama, nusu ya darasa haikuja. Kifutio alikuja.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimejitengenezea mpango: nitaweka akiba kwenye mshahara, nimpe Dada kidogo kidogo, nimwambie ni zawadi. Pengo likizibika hakutakuwa na wizi, na bila wizi hakuna mwizi. Nimeufurahia mpango huu mpaka nilipohesabu nina kiasi gani. Hata mwizi wa kweli ana mipango mizuri kuliko hii.

Alhamisi, 11 Aprili

Dada amemfukuza Mama Vifungo, na mimi nilikuwepo.

Nilipitia pale kutoka kazini kumsaidia kupima mapindo. Nilikuwa nimepiga magoti, tepu mkononi, pini mdomoni. Mama Vifungo alirudisha fungu la sare alizomalizia nyumbani. Dada akazihesabu, akahesabu zipu, akahesabu vifungo. Vyote vilikuwepo. Nikashusha pumzi.

"Vimetimia," Dada akasema. "Leo vimetimia. Na zile za nyuma?"

"Zile za nyuma nilizirudisha hivihivi, mama."

"Basi hela yangu imekwenda wapi? Kumi kwa kila sare! Imeota mbawa?"

"Sijui, mama. Mimi sijui mambo ya hesabu. Najua vifungo."

Watu wa barazani walianza kujisogeza. Fundi wa Kona alikuja na pasi yake mkononi kana kwamba ameitiwa kazi. Dada hapendi kelele, nilimwona anataka yaishe, na pia nilimwona anaogopa, maana ameshakopa uzi mahali. Akanigeukia mimi.

"Mwalimu. Sema mbele ya watu. Zile hesabu ulizonipigia, si zilikuwa sawa?"

Pini ilikuwa mdomoni. Niliitoa. Ningeweza kusema neno moja tu pale, na neno lenyewe fupi. Mama Vifungo alinitazama, na machoni mwake nikaona matumaini, jamani. Alikuwa anategemea mtu msomi aseme kitu kitakachomsaidia.

"Zilikuwa sawa," nikasema.

Dada akamlipa ujira wake wote, hakumpunguzia hata senti, akamwambia asije tena. Mama Vifungo akachomoa sindano zake kifuani moja moja. Mbili zilikuwa za Dada, hizo akazichomeka kwenye kipande cha kitambaa mezani. Akaondoka kwenye mvua bila kujifunika. Nilirudi kupima mapindo. Nilipima vibaya, Dada akalazimika kufumua.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimeaga shuleni kwamba naumwa kichwa. Kichwa hakiniumi.

Jumatatu, 15 Aprili

Nilipoingia darasani nilikuta kicheko kinakatika ghafla. Juu ya dawati la Kifutio mtu ameweka zipu mbovu, iliyong'olewa kwenye suruali. Mmoja nyuma akanong'ona, "Mpelekee bibi." Kifutio hakulia. Aliiokota ile zipu, akaiweka kwenye dirisha kwa adabu, kama kitu cha mtu atakachokuja kukiulizia, akafungua daftari.

Niliwagombeza darasa zima kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo. Nikawaambia kumpaka mtu matope bila ushahidi ni tabia ya watu wasio na haya. Wakainamisha vichwa. Kifutio peke yake hakuinamisha. Alinitazama mpaka mwisho wa sentensi, nami nikageukia ubao nikafuta mahali ambapo hapakuandikwa kitu.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemwambia Dada.

Nilikwenda mchana, mvua imepumzika. Nikaomba ile karatasi ya ruwaza. Alikuwa ameibandika ukutani, juu ya cherehani, na herufi zangu za majivuno. Nikamwonyesha mabano, nikamwonyesha ile tano. Nikamwambia taratibu, kwa mfano: mtu akikupunguzia nane kisha akachukua tano, amekupunguzia tatu tu, lakini mimi nilihesabu kana kwamba amekupunguzia nane na tano juu yake.

Hakuelewa mabano, ila tatu aliielewa upesi. Akazima redio. "Kwa hiyo kumi ile..."

"Ni yangu. Ni kosa langu, Dada. Hakuna aliyeiba."

Akakaa juu ya jora la kitambaa. Akaupitisha mkono usoni kama anayenawa. "Yule mama," akasema. "Mungu wangu, yule mama." Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, "Umeligundua lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Swali hilo sikuliandalia.

"Jana," nikasema.

Akainuka akanikumbatia. Akasema wengine wangekufa nalo moyoni. Akasema nakushukuru, mdogo wangu, umekuja upesi. Akachukua mtandio, akaniacha nimesimama katikati ya chumba, akaenda moja kwa moja kwa Mama Vifungo kupiga magoti.

Jumapili, 21 Aprili

Kwa kuwa alifukuzwa mbele ya watu, Dada alisema atarudishwa mbele ya watu. Viti vilipangwa barazani, chai ikachemshwa, majirani wakaitwa. Mwalimu mkuu ameshakubali kuongeza kidogo kwenye bei ya sare zilizobaki. Na Fundi wa Kona, yule wa mate, amejitolea kusaidia kukata. Mambo yote yamenyooka. Nilipaswa kufurahi.

Dada akasimama. Alimwomba radhi Mama Vifungo kwa jina lake lote, sauti ikikatika. Halafu, ole wangu, akanigeukia mimi. "Na huyu mdogo wangu. Kosa lilikuwa kwenye karatasi, nani angelijua? Angeweza kunyamaza. Amegundua leo, kesho yake amekuja kunieleza. Mtoto niliyemlea huyu."

Wakapiga makofi. Fundi wa Kona akasema walimu wa namna hii wamebaki wachache. Nilishika kikombe kwa mikono miwili nikakinywa kikiwa kitupu.

Mama Vifungo akaja mpaka nilipokaa. Akanishika mkono, vidole vyake vigumu kwa sindano. "Mwanangu, umeniosha. Mimi nilishaanza kujikagua mwenyewe. Nilikuwa naamka nafikiri labda kweli nachukua, labda uzee, nachukua nasahau. Mungu akuweke."

Nikasema asante. Ndilo neno nililolipata. Asante!

Kifutio alikuwa anakusanya vikombe. Nilimkuta kwenye ujia wa nyuma nilipokuwa natafuta pa kupumulia.

"Mwalimu."

"Naam."

"Lile swali la fundi tulilifanya kabla bibi hajafukuzwa."

Aliweka trei juu ya ndoo, akaifuta pembe yake iliyokuwa tayari kavu.

"Mimi nilijua ni dada yako. Nilijua siku ileile. Nikangoja umwambie." Akatazama barazani, ambako bibi yake alikuwa anacheka na mtu. "Leo amekula akamaliza sahani. Mimi sitasema, mwalimu."

Akachukua kikombe changu mkononi mwangu, akakiweka pamoja na vingine, akaenda.

Jumatatu, 22 Aprili

Kifutio ameacha kuuliza maswali. Nimeeleza jambo vibaya makusudi, nione. Ameandika kama nilivyosema.

Jumatano, 24 Aprili

Vilevile.

Jumamosi, 27 Aprili

Asubuhi nilimpitia Dada kwanza. Nilimwambia haikuwa jana, ilikuwa tangu mwezi uliopita, kabla ya siku ile ya pini. Alikuwa anatia uzi kwenye cherehani. Uzi ulipita tundu, akauvuta, akaufunga, akashona pindo zima la sare mpaka mwisho. "Unakwenda kwake?" akauliza. Nikasema ndiyo. Nikamwomba tuongozane. "Nenda peke yako," akasema, wala hakuinua uso.

Kwa Mama Vifungo ni chumba kimoja na jiko la nyuma. Alinipokea kwa furaha iliyonimaliza, akafuta kiti, akanimiminia chai kabla sijatamka kitu. Kifutio alikuwa nyuma anaosha vyombo, mlango wa katikati uko wazi nusu.

Nikamwambia yote. Madaftari, mikasi niliyoigeuza kuwa vema, siku aliyomwaga mkoba nami nikamwamkia, siku nilipotoa pini mdomoni nikasema zilikuwa sawa. Sikutia chumvi na sikujitetea. Nilitegemea anitukane, na niseme ukweli, nilitamani anitukane.

Alisikiliza huku ameshika kifungo, anakizungusha kati ya vidole. Alipoona nimemaliza akauliza jambo moja tu.

"Mtoto alijua?"

Vyombo vilinyamaza nyuma. Ningeweza kumkinga yule binti. Ningesema hapana, ikawa huruma, na ikawa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

"Alijua, mama. Alijua tangu siku niliyojua mimi. Aliningoja niseme, na nilipodanganya, akanifichia."

Aliweka kifungo mezani. Akasimama kwa kujisukuma magotini, akanipita kana kwamba kiti changu hakina mtu, akaingia jikoni. Nilisikia anakaa chini, sakafuni. Nilimsikia anasema, kwa sauti ndogo:

"Nisamehe, mjukuu wangu. Kumbe siku zote hizo ulikuwa peke yako."

Kifutio akalia. Huyu ambaye hakulia kwa zipu, wala kwa bibi yake kufukuzwa, alilia kwa sauti kama mtoto mdogo kabisa, na bibi yake akawa anasema basi, basi, mama, basi.

Niliendelea kukaa. Chai ilikuwa mbele yangu na mlango wa nje ulikuwa wazi. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenizuia. Sikujua mtu anaondokaje mahali kama pale, nikakaa nikiwasikiliza.